Paa Alitumwa na Nani? Misimbo ya Usimulizi katika Hekaya ya Sultani Darai na Kumbukumbu ya Utumwa Mjini Zanzibar

IKISIRI

Makala haya yanachunguza hekaya ya Sultani Darai, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya wenyeji wa Zanzibar, kwa kuongozwa na misimbo mitano ya usimulizi iliyopendekezwa na Roland Barthes. Lengo ni kubaini namna misimbo hiyo inavyohifadhi kumbukumbu ya uhusiano baina ya bwana na mtumwa katika mji uliokuwa bado na soko la watumwa. Makala yanadai kuwa mkasa wa kiumbe mwenye fadhila asiyelipwa ni urithi wa ngano za mataifa mengi, lakini bei ya paa, uji wa mtama na kisima ni alama za Zanzibar, na ndizo zinazoibadili hekaya ya kukosa shukrani kuwa hekaya ya umiliki.

1.0 Utangulizi

Hekaya ya maskini na paa wake imezoeleka kusomwa kama onyo dhidi ya kukosa shukrani. Maskini anayechakura jaani anamnunua paa. Paa anamfanya sultani. Sultani anamsahau paa. Paa anakufa, na sultani anarejea jaani. Usomaji huo una msingi, na methali zetu zinauunga mkono: fadhila za punda ni mateke. Hata hivyo, usomaji unaoishia kwenye funzo unaacha jambo moja bila kuulizwa. Punda wa methali hatajiwi bei, ilhali paa wa hekaya hii ana bei, nayo inatajwa mwanzoni na kurudiwa karibu na mwisho. Kwa nini msimulizi akumbuke bei ya kiumbe ambaye thamani yake, kwa mujibu wa matukio yote, haiwezi kupimwa?

Swali hilo ndilo linaloongoza makala haya. Ni swali la kihistoria kwa sababu hekaya ilisimuliwa mahali ambapo viumbe wenye uwezo wa kusema walikuwa na bei. Ni swali la kisemiotiki pia, kwa kuwa hekaya haimtaji paa kuwa ni mtumwa popote. Uhusiano huo, kama upo, umo katika mpangilio wa ishara, na mpangilio huo ndio unaopaswa kuchambuliwa kabla ya kudai lolote kuhusu historia.

2.0 Matini na Mazingira Yake

Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya Vyuo Vikuu. Mkusanyiko wake wa hekaya za Kiswahili, wenye matini ya Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza, ulichapishwa London mwaka 1870. Hekaya ya Sultani Darai ni miongoni mwa zilizo ndefu zaidi humo, na uchambuzi huu umejikita katika sehemu inayomhusu maskini na paa. Mwaka 1901 kisa hichohicho kilitokea kwa Kiingereza katika vitabu viwili: kimoja cha Andrew Lang, kingine cha George W. Bateman kilichochapishwa Chicago.

Tarehe hizi zina uzito. Mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar ulitiwa saini na Sayyid Barghash tarehe 5 Juni 1873, yaani miaka mitatu baada ya kitabu cha Steere kutoka. Hali ya kisheria ya utumwa haikufutwa hadi tarehe 6 Aprili 1897. Kwa hiyo wasimulizi wa Steere na wasikilizaji wao walikuwa watu waliopita karibu na mnada. Walijua namna mnunuzi anavyoita, muuzaji anavyosogeza mali yake, na watazamaji wanavyodhihaki mnunuzi asiye na kitu.

Zanzibar ya wakati huo ilikuwa pia mji wa mikopo. Abdul Sheriff (1987) ameonesha jinsi biashara ya pembe, karafuu na watumwa ilivyoegemea mtaji wa wafanyabiashara wa Kihindi. Misafara ya bara ilikwenda kwa bidhaa zilizokopwa; Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikopeshwa na Taria Topan. Katika mazingira hayo jina la mtu lilikuwa sehemu ya mtaji wake. Aliyeaminiwa alipewa bidhaa leo kwa ahadi ya pembe za kesho.

3.0 Kiunzi cha Nadharia

Katika kitabu chake cha S/Z (1970), Barthes aliigawa hadithi ya Balzac iitwayo Sarrasine katika vipande 561 alivyoviita leksia, kisha akaonesha kuwa kila kipande kinabeba msimbo mmoja au zaidi kati ya misimbo mitano. Msimbo wa matukio huunganisha kitendo na matokeo yake. Msimbo wa kihemenitiki huzua fumbo, hulichelewesha na hatimaye hulifumbua. Msimbo wa kiseme hujenga sifa za wahusika na mahali kupitia vidokezo vidogovidogo. Msimbo wa kiishara hupanga matini katika jozi za ukinzani. Msimbo wa kiutamaduni hurejelea maarifa ambayo jamii inayachukulia kuwa yanajulikana na kila mtu.

Nadharia hii ilibuniwa kwa ajili ya maandishi, na hekaya ni sanaa ya mdomo. Tofauti hiyo haizuii matumizi yake, ila inahamisha mkazo. Fanani wa hekaya hana nafasi ya kueleza kila kitu; hutegemea kile ambacho hadhira inakileta yenyewe barazani. Kwa sababu hiyo msimbo wa kiutamaduni ndio wenye manufaa zaidi kwa mwanahistoria. Pale fanani anaponyamaza bila hadhira kutatizika, ndipo tunapogundua kile ambacho wote walikijua.

4.0 Uchambuzi wa Misimbo

4.1 Msimbo wa Matukio: Kutoka Asubuhi, Kurudi Jioni

Mfuatano wa matukio unaanza kwa ununuzi. Maskini anaokota thumuni jaani, yaani sehemu ya nane ya riale. Anapita muuza paa aliyebeba tundu lake. Watu wanamcheka na kumwonya muuzaji kuwa huyu hana kitu; asiyeweza kujilisha atamlishaje paa? Muuzaji anajibu kwa hekima ya kibiashara: wengi wameita wasinunue, na mchuuzi hajui mnunuzi atatoka wapi. Biashara inakamilika kwa thumuni ile.

Siku chache baadaye paa anasema. Neno lake la kwanza muhimu ni ombi: aruhusiwe kwenda kujitafutia malisho mchana na kurudi jioni. Bwana anaogopa kupoteza mali yake, kisha anakubali. Paa anakwenda na kurudi siku kadhaa hadi imani inapojengeka, na katika mojawapo ya safari hizo anaokota almasi.

Mfuatano huu wa kuomba ruhusa, kutoka, kurejea na kuleta ulikuwa na mfano wake mjini. Frederick Cooper (1977) anaeleza kuwa baadhi ya watumwa wa Zanzibar walikodishwa kama vibarua, wakaenda kufanya kazi kwa watu wengine na kumletea bwana sehemu ya ujira wao. Wengine walitumwa na mabwana zao katika safari za biashara, mbali na macho ya mwenye mali. Mpango kama huo ulidumu kwa kuaminiana: bwana aliamini kuwa mtumwa atarudi, na mtumwa alitumaini kuwa kurudi kwake kutakumbukwa. Hekaya inaujenga uaminifu huo hatua kwa hatua, jioni baada ya jioni. Hadhira haihitaji kuelezwa kwa nini hofu ya bwana ni ya kawaida na kurudi kwa paa ni jambo la kusifiwa.

4.2 Msimbo wa Kihemenitiki: Swali Lisiloulizwa

Fumbo la wazi mwanzoni mwa hekaya ni paa mwenyewe: ni kiumbe gani anayesema kama binadamu? Kinyume na matarajio, fumbo hilo halifumbuliwi. Hekaya haisemi kuwa paa ni jini wala mwana wa mfalme aliyerogwa. Mahali pake panashikwa na fumbo jingine, ambalo paa mwenyewe analitaja kwa bibi kizee wa nyumba kubwa: bwana wake amepata mke, mji na mali, na hata siku moja hajauliza vimepatikanaje.

Hapa msimbo wa kihemenitiki unageuzwa. Kwa kawaida hadhira huuliza na msimulizi huchelewesha jibu. Katika hekaya hii hadhira inalijua jibu lote, kwa kuwa imemwona paa akipambana na nyoka wa vichwa saba na kumkata kimoja baada ya kingine hadi akazimia. Anayekosa jibu ni bwana, na anakosa kwa sababu hana haja nalo. Umiliki unamwezesha kupokea bila kuuliza, kwa kuwa kinacholetwa na mali yake ni mali yake pia. Ugonjwa wa paa unafuata malalamiko hayo mara moja, nao unafanya kazi ya swali: paa anamtuma kizee kwa bwana kusema kuwa anaumwa, kana kwamba anampa nafasi ya mwisho ya kuuliza.

4.3 Msimbo wa Kiseme: Mtama wa Mwanzo na Mtama wa Mwisho

Sifa za wahusika katika hekaya hii zinajengwa zaidi kwa chakula na mavazi kuliko kwa maelezo ya tabia. Jaani, maskini anachakura chembe za mtama kama kuku, na chembe hizo anagawana na paa wake. Akiwa sultani, anapoambiwa kuwa paa ni mgonjwa, anaagiza apikiwe uji wa mtama mwekundu, mtama wa bei ya chini. Mke anamsihi mumewe na kumpelekea mgonjwa chakula chema, lakini bwana anashikilia neno lake: paa huyu alinunuliwa kwa thumuni.

Kiashiria ni kilekile, mtama, kiashiriwa kimebadilika. Mwanzoni mtama ni ishara ya kugawana, kwa sababu bwana na paa wanakula chakula kimoja. Mwishoni ni ishara ya daraja, kwa sababu mmoja anaagiza kile ambacho yeye hali tena. Hadhira ya Zanzibar haikuhitaji ufafanuzi. Wali ulikuwa chakula cha heshima, na mtama ulihusishwa na watu wa chini. Uji huo unamrudisha paa mahali pa bei yake, na kutajwa kwa thumuni papo hapo kunathibitisha maana hiyo. Swali lililoulizwa katika utangulizi linapata jibu lake hapa: bei inakumbukwa kwa sababu ndiyo hoja ya pekee aliyobakiwa nayo bwana. Matendo ya paa yangeweza kudai malipo. Bei inasema kuwa malipo yalikwisha kutolewa siku ya ununuzi.

4.4 Msimbo wa Kiishara: Nani Anamtuma Nani?

Jozi kuu ya ukinzani katika hekaya ni bwana na anayemilikiwa, na kila sehemu ya kisa inaigeuza jozi hiyo. Paa anamwongoza bwana msituni. Paa anamwamuru alale kando ya kijito na kumpiga, kisha anakimbia kwa sultani kueleza kuwa bwana wake amevamiwa na wanyang'anyi waliomvua kila kitu. Sultani anatuma mavazi na farasi, na maskini anaingia mjini akiwa muungwana. Aliyenunuliwa amempiga aliyemnunua, na kipigo hicho ndicho kilichomvika kilemba.

Ugeuzi mkubwa zaidi umo katika lugha. Mbele ya sultani mwenye binti, paa anajitambulisha kuwa ametumwa na bwana wake, Sultani Darai. Jina hilo maskini hakuwahi kuitwa; katika toleo la Bateman jina lake ni Hamdani. Wala hakuna aliyemtuma paa, kwa kuwa mpango wote ni wake mwenyewe. Kwa Kiswahili kauli hiyo ina mwangwi usiosikika katika tafsiri. Kutokana na kitenzi tuma tunapata mtume na mtumwa. Kwa umbo lake mtumwa ni mtu anayetumwa, asiye na safari yake mwenyewe. Paa anajinasibisha na hali hiyo kwa maneno na kuikanusha kwa matendo: anasema ametumwa, ilhali yeye ndiye anayemtuma bwana, anayemchagulia jina, mke na nyumba.

Kwa mtazamo wa kisemiotiki, Sultani Darai ni kiashiria kilichotangulia kiashiriwa chake. Kwanza linatajwa jina, kisha inatolewa almasi kama dhamana ya jina, kisha wanatafutwa mtu na mji wa kulibeba. Mfanyabiashara wa Zanzibar angeutambua utaratibu huo mara moja, kwa kuwa ndivyo mkopo ulivyofanya kazi. Tofauti ni kwamba dhamana halisi ya jina hili haikuwa almasi, ilikuwa uhai wa yule aliyelitamka. Ndiyo maana paa anapokufa jina haliwezi kusimama. Mke anaota yuko kwa baba yake na anaamka yuko huko; mume anaota anachakura jaani na anaamka akichakura. Mwisho huu, unaoonekana kama muujiza, unafuata mantiki ya mikopo: mdhamini ametoweka, na mali yote imerudi ilikotoka.

4.5 Msimbo wa Kiutamaduni: Kisima na Kaburi

Paa anapokufa bwana anaamuru atupwe kisimani. Mke anampelekea baba yake habari, naye sultani mzee anakuja akilia, anamtoa paa kisimani na kumzika kwa matanga. Msimulizi hasemi kuwa kutupa maiti ni uovu, kwa sababu hakuna haja ya kusema. Katika jamii ya Kiislamu ya pwani, kuosha, kukafini na kuzika ni haki ya marehemu na wajibu wa walio hai. Wageni kadhaa wa Kizungu waliofika Zanzibar katika karne ya 19 waliandika kuwa maiti za watumwa waliokufa zilitupwa ufukweni bila kuzikwa. Maandishi yao yana chuki na malengo yao, na yanapaswa kusomwa kwa tahadhari. Lakini hekaya iliyosimuliwa na wenyeji wenyewe inaonesha kuwa tofauti baina ya kutupwa na kuzikwa ilikuwa kipimo cha utu kilichoeleweka na wote.

Sultani mzee anamzika paa kama mtu wa nyumbani. Kwa tendo hilo anajibu swali ambalo bwana hakuliuliza: aliyekufa alikuwa nani. Inafaa kutambua kuwa jibu linatoka kwa mtawala na halitoki kwa maskini aliyepanda cheo. Hekaya haiushambulii usultani wala haitaki utumwa ufutwe. Inachokidai ni kwamba kummiliki mtu kunamwekea mmiliki deni, na kwamba asiyelitambua deni hilo hastahili kuitwa bwana. Jonathon Glassman (1995) ameonesha kuwa katika miji ya Mrima karne hiyohiyo, watumwa wengi walipigania kutambuliwa ndani ya uhusiano wa ubwana na ufuasi kuliko kuukataa kabisa. Hekaya inazungumza lugha ileile ya madai.

5.0 Urithi na Nyongeza

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Mkasa huu si wa Zanzibar peke yake. Wataalamu wa ngano wanauweka katika aina ya 545, ambayo mfano wake maarufu ni paka mwenye viatu wa Charles Perrault (1697). Kabla yake, Giambattista Basile alichapisha mwaka 1634 kisa cha paka anayejifanya amekufa ili kumjaribu bwana wake, na bwana anaagiza atupwe dirishani. Je, ikiwa kukosa shukrani na kutupwa vilikuwepo Napoli, twaweza kudai kuwa vinahusu utumwa wa Zanzibar?

Hapa ndipo mgawanyo wa misimbo unaposaidia. Msimbo wa matukio husafiri kwa urahisi kutoka bandari moja hadi nyingine, na sehemu kubwa ya mfuatano wa hekaya hii ni urithi wa pamoja. Misimbo ya kiseme na kiutamaduni hushikamana na mahali. Paka wa Perrault ni sehemu ya urithi ulioachwa na baba, na mwisho anakuwa bwana mkubwa asiyefukuza panya ila kwa kujifurahisha. Paka wa Basile anaondoka akiwa hai baada ya kumkaripia bwana wake. Paa ananunuliwa barabarani mbele ya watu wanaocheka, anakumbushiwa bei yake akiwa mgonjwa, anapewa uji wa mtama, na anakufa. Hana pa kwenda. Kati ya hawa watatu yeye peke yake ndiye anayetolewa hoja ya bei dhidi yake.

Vichwa vya matoleo matatu vinathibitisha jinsi kiini cha kisa kinavyohama. Steere ana Sultani Darai, jina lililotolewa na paa. Lang anakiita kisa cha paa, na hivyo kukiweka miongoni mwa hadithi za wanyama wema za watoto. Bateman anatumia jina la maskini, Hamdani. Kila kichwa kinamchagua mhusika wa kukumbukwa. Kichwa cha Steere ndicho pekee kinachobakiza fumbo, kwa kuwa kinalitaja jina ambalo mwenye kuitwa hakujipatia mwenyewe.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonesha kuwa misimbo ya hekaya ya Sultani Darai inahifadhi maarifa ya kijamii ambayo hati rasmi hazikuyaandika. Mkataba wa 1873 na amri ya 1897 vinatueleza lini soko lilifungwa na lini sheria ilibadilika. Rejista za forodha zinatueleza bei na idadi. Hekaya inatueleza namna watu wa mji walivyofikiri kuhusu kazi ya mtu aliyenunuliwa: kwamba huweza kumjenga aliyemnunua, kumpa jina na kumwekea heshima, na kwamba bei yake hutumiwa baadaye kufuta yote hayo.

Haifai kusema kuwa paa ni mtumwa, kana kwamba hekaya ni kitendawili chenye jibu moja. Kinachoweza kusemwa ni kwamba hadhira ya Zanzibar ilikuwa na sababu ya kuelewa thumuni, mtama na kisima bila kufafanuliwa, na sababu hiyo ni historia yao wenyewe. Tunapoifundisha hekaya hii leo kwa funzo la shukrani peke yake, tunabaki na paa mwema na bwana mbaya, na tunaipoteza bei. Ni vyema mwalimu na mtafiti wairudishe bei hiyo mahali pake, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini wema wa paa haukuhesabiwa kuwa ni wema, na kwa nini ilimpasa sultani kushuka hadi kisimani ili aliyetumwa apate kuzikwa kama aliye na jina.